Mawaidha juu ya Visima vya Yemeni na Masharti ya Sadaka ya Maji

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa uhai wa kila chenye roho, akayashusha kwa kadiri aijuayo Yeye, akayatuliza ndani ya ardhi, naye ni muweza wa kuyaondoa. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, limekuwa jambo la kawaida katika misikiti ya pwani, khasa mwezi wa Ramadhani, kusikia mchango ukiitwa kwa ajili ya kuchimba kisima katika nchi yenye kiu, na mara nyingi nchi hiyo ni Yemeni. Watu hutoa, na wana haki ya kutoa, kwani mwenye kutoa maji amefuata nyayo za Seyyidna Uthman, aliyekinunua kisima cha Ruma pale Madina akakifanya cha Waislamu wote. Walakini kila ibada ina masharti yake, na mtu akiswali usiku kucha bila ya udhu hana swala. Sadaka ya maji nayo ina masharti, na katika nchi iliyopatwa na vita na mageuzi ya hali ya hewa kwa pamoja masharti hayo huwa mazito zaidi. Kwani huko kisima cha kwanza chaweza kuwa rehema, na kisima cha pili kando yake kikawa dhulma, hali wote wawili waliotoa fedha walikuwa na nia moja.

Yemeni si nchi ngeni kwa watu wa pwani hii. Kile kitabu kidogo cha Safina, ambacho vijana wengi wa chuoni huanzia fiqhi yao, mtungaji wake ni Sheikh Salim bin Sumeir, mtu wa Hadhramaut. Majahazi ya kaskazi yaliwaleta masharifu na maulamaa, yakawaleta pia mafakiri waliokuja kutafuta riziki. Na wazee wa miji ya pwani walikuwa wakiwasimulia wana wao juu ya Washihiri waliopita mitaani wakiuza kahawa, na wengine wakiuza maji. Hawa waliouza maji walitoka katika nchi isiyokuwa na mto hata mmoja wenye kupita maji mwaka mzima.

Na katika Safina yenyewe kijana hujifunza kuwa maji machache huharibika kwa kuingiwa na najisi tu, na maji mengi, nayo ni yaliyofika kulla mbili, yaani kama lita 200 na kitu, hayaharibiki illa yageuke. Basi msomaji na aichukue hesabu hiyo aende nayo Yemeni. Fungu la kila mtu huko, katika maji ambayo mvua huyarejesha kila mwaka, halifiki mita 100 za ujazo; na wataalamu husema kuwa nchi iliyo chini ya mita 500 imo katika dhiki kubwa. Ukizigawa hizo kwa siku za mwaka, utakuta kwamba kila mtu hupata kwa siku kama kulla mbili, zikizidi ni kidogo. Na hayo si ya kunywa na kutawadha peke yake. Ndani yake mna maji ya mifugo na maji ya shamba, na katika kila sehemu kumi za maji yatumiwayo, kama tisa huenda shambani.

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Saba khabari ya watu wa nchi hiyohiyo. Walikuwa na mabustani kuume na kushoto, wakaamrishwa wale katika riziki ya Mola wao na wamshukuru. Wakapuuza, ukapelekwa kwao mfuriko wa boma, na mahali pa mabustani yale ikaota miti ya matunda machungu na mikunazi michache. Boma hilo ni la Maarib, na mawe yake yangalipo. Wenye elimu ya tarehe wamesoma maandishi ya kale yaliyochongwa hapo, wakaona kuwa boma lilibomoka mara nyingi na likatengenezwa mara nyingi. Hatta Abraha, mtawala wa Kihabeshi ambaye wapokezi wa tarehe humtaja kuwa ndiye mwenye ndovu, aliandika juu ya jiwe khabari ya matengenezo aliyoyafanya mwaka 548 wa miladi. Kisha baadaye, katika karne hiyohiyo ya 6, likavunjika kuvunjika kwa mwisho.

Wahutubu wengi huisoma Sura hii wakataja mfuriko, na wachache hutaja matengenezo. Na ibra kubwa imo katika matengenezo. Mvua ya Maarib ilikuwa ikija kwa nguvu tangu zamani. Boma la namna ile husimama kwa mikono ya watu, inayozoa tope kila msimu na kuziba nyufa zingali ndogo. Mikono ikiondoka, ikiwa kwa kiburi, au kwa vita, au kwa njaa, basi mvua ileile iliyokuwa neema ndiyo inayobomoa. Mwisho wa mwezi wa Mei 2015 magofu ya boma hilo yalipigwa na ndege za vita. Hayo ni mawe ya kale, nayo hayamnyweshi mtu leo. Khatari iliyo kubwa ni mabomo ambayo hayapigi kishindo.

Kwani watu wa Yemeni, tangu zamani hizo, waliishi bila ya mto kwa kuyatunza maji ya mvua. Katika milima ya magharibi walijenga kuta za mawe, ngazi juu ya ngazi, tangu chini ya bonde hatta karibu na kilele, na nyuma ya kila ukuta wakashikiza udongo wa kulimia. Mvua ikinyesha, ngazi ya juu hunywa kwanza, kisha humwagia ya chini yake taratibu, hatta maji yafike bondeni yamekwisha nguvu, na mengine yamezama kuvijaza visima. Ukuta mmoja ukibomoka asitokee mtu wa kuujenga, maji na udongo wa ngazi ile huangukia ukuta wa chini, nao ukaelemewa. Na kwa mvua chache upande mzima wa mlima huwa jabali tupu. Katika Tihama na Hadhramaut walijenga mifereji ya kuyapokea mafuriko ya mabonde, wakayagawa kwa hukumu. Kanuni za Wadi Zabid, zinazonasibishwa na Sheikh Jabarti, zina umri wa karne nyingi. Na asili ya mgawo wa namna hiyo imo katika hukumu ya Bwana Mtume alipoamua baina ya Zubeir na mtu wa Ansari juu ya maji ya Harra: wa juu hunywesha kwanza, kisha humwachia jirani yake. Wanavyuoni wakaeleza, kwa hukumu nyingine iliyopokewa, kwamba wa juu huyazuia maji hatta yafike vifundoni, kisha huyafungua. Na njiani, katika mabonde ya Hadhramaut, watu waliweka wakfu nyumba ndogo za maji zilizopakwa chokaa, ili msafiri anywe asimwombe mtu.

Tangu miaka ya 1970 zikaja mashine za kuchimba visima virefu, na fedha za vijana waliokwenda kufanya kazi Saudia, na dizeli iliyouzwa kwa bei nafuu kwa kuwa serikali ilichukua sehemu ya gharama yake. Mtu akaweza kuyafikia kwa mwezi mmoja maji ambayo babu yake asingeyafikia umri wake wote. Mengi ya maji hayo hayakwenda katika mtama wala katika buni. Yalikwenda katika miraa, ambayo wao huiita qat, kwa kuwa hiyo huuzwa kila siku na fedha yake hupatikana jioni. (Watu wa pwani wasiwacheke, miraa inajulikana hapa pia, na anayeitafuna anajua ni nani anayelishwa nyumbani na ni nani anayekosa.) Katika bonde la Sana'a maji yakashuka, visima vikafuata, hatta vikawa na kina cha mamia ya mita. Serikali ikaona khatari: mwaka 1995 ikaweka idara ya kusimamia maji, na mwaka 2002 ikatoa sheria ya kukataza kuchimba bila ya rukhsa. Lakini wengi walikuwa wamekwisha chimba, na wengi wakaendelea.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa Septemba 2014 mji wa Sana'a ulitekwa na Wahuthi, na mwezi wa Machi 2015 ndege za Saudia na washirika wake zikaanza kupiga. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa hatta mwisho wa mwaka 2021 watu 377,000 watakuwa wamekufa kwa sababu ya vita hivyo, na karibu sita katika kila kumi miongoni mwao hawakuuawa kwa silaha, bali kwa njaa na maradhi na kukosa maji safi na dawa. Mitambo ya maji ilipigwa au ikasimama kwa kukosa mafuta, maji machafu yakaingia katika visima, na kipindupindu kilichoanza mwishoni mwa mwaka 2016 kikawa, kabla ya mwaka 2017 kumalizika, kimedhaniwa kuwapata watu zaidi ya milioni moja. Gesi ya kupikia ikawa adimu, watu wakarejea kwenye kuni, na matanuri ya mikate ya mijini yakala miti ya vijijini. Katika miti hiyo umo mkunazi, ambao majani yake huoshewa maiti, na ambao nyuki wa Wadi Do'an hutengeneza kwa maua yake asali iliyo maarufu ulimwenguni. Seyyidna Abu Bakar, alipolipeleka jeshi Sham, alimuusia amiri wake asiukate mti wenye matunda wala asiharibu mahali penye watu. Na huo ulikuwa wasia juu ya nchi ya adui, si juu ya nchi ya ndugu.

Katika mambo yote hayo liko moja linalotaka kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake hapana mtu mwovu. Dizeli ilipokosekana na bei yake kupanda, wakulima walitafuta njia nyingine, wakaipata katika jua. Pampu za sola zikaenea nchi nzima, na wenye kusaidia kutoka nje nao wakazipeleka. Ni neema, wala haifai kuitukana: ziliwanywesha watu waliokuwa karibu ya kufa, na ziliokoa mashamba. Walakini mkulima wa dizeli alikuwa akizima mashine yake shamba linapotosheka, kwa kuwa kila saa ilikuwa na gharama. Jua halina bei. Pampu huanza asubuhi na hunyamaza magharibi, shamba likitaka lisitake. Na jirani, akiona kisima chake kimepungua, hana kadhi wa kumshtakia wala idara yenye nguvu ya kumsikiliza, basi naye huchimba chini zaidi ili asitanguliwe. Kila mmoja akihojiwa, ana udhuru: ana watoto. Na wote pamoja wanayachota maji ambayo mvua hairejeshi kadiri yake. Mwenyezi Mungu ameikhitimisha Sura ya Mulk kwa suali juu ya maji yakizama ardhini, ni nani atakayeyaleta. Na msomaji wa Sura hiyo huko Sana'a anajua kina chake kwa mita.

Na mvua nayo haikubaki kama ilivyokuwa. Joto la bahari limezidi, na tufani za Bahari ya Arabuni zimezidi kuja kwa ukali. Mwezi wa Novemba 2015 tufani iitwayo Chapala ilipiga karibu na Mukalla kwa nguvu ambayo haikupata kuandikwa katika nchi hiyo, na kabla ya wiki kwisha nyingine iitwayo Megh ikaivuruga Sokotra. Ikaja Mekunu na Luban mwaka 2018, na Tej mwaka 2023 upande wa Mahra. Mwezi wa Agosti 2020 nyumba za udongo za mji wa kale wa Sana'a zilianguka kwa mvua, na mwezi wa Agosti 2024 mafuriko yakaifunika Tihama. Mlima usio na kuta hauwezi kuyazuia maji hayo, na bonde lililozibwa na magugu haliwezi kuyapitisha. Katika Hadhramaut, mafuriko ya Oktoba 2008 yalikuta njia za maji zimejaa ule mti wa miiba ambao watu wa Tana huuita mathenge. Tena sasa maji ya mfuriko hubeba mabomu yaliyofukiwa na kuyaweka katika mashamba ambayo jana yalikuwa salama. Basi mtu anayetaka kwenda kuujenga ukuta wake huogopa kukanyaga. Hivyo ndivyo vita na tufani zinavyosaidiana.

Wako wanaosema kuwa haya yote ni adhabu, na ya kuwa watu wa Yemeni wamelipwa kwa madhambi yao kama walivyolipwa Saba, na kama walivyolipwa kaumu ya Hud, walioliona wingu wakadhani ni mvua. Kauli hiyo ni ya haraka na haina adabu. Saba na Adi, Mwenyezi Mungu mwenyewe ametoa khabari ya makosa yao. Mtoto aliyekufa kwa kipindupindu Hudeida, ni nani aliyempa mtu khabari ya kosa lake? Na moshi wa mafuta na makaa unaolitia joto anga, fungu la Yemeni ndani yake ni dogo mno. Umetoka zaidi katika nchi zenye viwanda na mali. Aya inayotaja kudhihiri kwa uharibifu barani na baharini imesema kuwa ni kwa yaliyochumwa na mikono ya watu.

Baharini pia ulikuwapo mfano. Meli ya Safer, yenye mafuta zaidi ya mapipa milioni moja, ilitiwa nanga mbele ya Ras Isa tangu mwaka 1988 iwe ghala. Vita vilipoanza matengenezo yalisimama, chuma kikaliwa na kutu, na kwa miaka minane wavuvi wa Tihama walivua wakiitazama. Baada ya maneno mengi na michango ya serikali na ya watu mmoja mmoja, mafuta yale yalihamishwa katika meli nyingine, tangu tarehe 25 Julai hatta tarehe 11 Agosti 2023, pasipo bahari kuharibika. Jambo hilo lajulisha kuwa khatari huweza kuondolewa hatta vita vikiwa havijesha, watu wakikubaliana juu ya kitu kimoja. Lakini tarehe 2 Machi 2024 meli Rubymar, iliyopigwa na Wahuthi, ilizama katika Bahari ya Sham na tani zaidi ya 20,000 za mbolea. Na samaki hawaulizi ni nani aliyekuwa na haki.

Sasa turejee kwenye hukumu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, mwenye kuchimba kisima katika ardhi isiyokuwa na mwenyewe kwa haja yake ana haki ya kutangulia, na yaliyozidi haja yake ni wajibu kumpa mwenye kiu, awe mtu au mnyama. Ama kuyatoa kwa ajili ya shamba la mwingine si wajibu juu yake, kwa kauli iliyo sahihi. Na kisima kina harimu yake. Imamu Nawawi katika Minhaj ameieleza harimu ya visima vya mfereji wa chini ya ardhi kuwa ni kadiri ambayo, lau angechimba mwingine ndani yake, maji yangepungua au kungekhofiwa kuporomoka. Ama mtu katika milki yake mwenyewe hufanya kwa desturi ya watu, na akivuka mpaka hudhamini.

Basi huenda mtu akasema: shamba ni la fulani, na achimbe apendavyo, ndiyo desturi. Huyo atazame desturi waliyoikusudia wanavyuoni. Ilikuwa ni kamba na ndoo na ngamia, na maji ya ndoo hurejea usiku. Mashine inayovuta kutoka mita 300 hunyonya chini ya nyumba ya jirani, na chini ya msikiti, na chini ya kijiji cha pili. Basi hukumu iliyo karibu nayo ni ile ya visima vya mfereji, ambayo kipimo chake ni kupungua kwa maji ya mwenzi. Mwenye kukhalifu ana nafasi ya kujadiliana katika kipimo cha masafa. Katika asili ya kuzuia madhara hana nafasi.

Kwa hivyo mwenye kutoa sadaka ya kisima yampasa aulize kabla ya kutoa, au amuulize anayekusanya. Bonde lile lina visima vingapi, na je, vinashuka? Kisima ni cha kunywa, au kitaishia katika bustani ya miraa ya mkubwa wa mtaa? Nani atakayekitengeneza pampu ikiharibika? Sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa, basi na aliandike: maji haya ni ya kunywa, na kutawadha, na kunywesha wanyama, hayapelekwi shambani, pampu isiwe kubwa kuliko tangi, na awepo mtu wa kijijini wa kupima kina cha maji kila mwezi na kuandika. Na sehemu ya fedha iwekwe kwa matengenezo. Kisima kisichokuwa na fungu la matengenezo ni kama boma la Maarib baada ya mikono kuondoka.

Na kama bonde limekwisha kuchoka, basi kuongeza kisima hapo ni kumchotea Zeid katika mtungi wa Amri. Thawabu ya maji iko pia katika birika la kuvuna mvua, na katika kuziba bomba la mji linalovuja, na katika kuujenga ukuta wa ngazi iliyo juu kabisa, ambao ukisimama huzihifadhi zote zilizo chini yake. Kazi ya ukuta haina kibao cha kuandikwa jina la mwenye kutoa wala picha ya mtoto anayecheka mbele ya bomba, na huenda hiyo ndiyo sababu haichangiwi.

Limebaki suala moja ambalo wakusanyaji hulisahau. Fedha iliyochangwa kwa jina la kisima ni amana ya kisima. Mkusanyaji akijua baadaye kuwa mahali pale hapafai kuchimbwa, haijuzu azigeuze kuwa birika au ukuta kwa rai yake peke yake, ingawa rai yake ni njema. Yampasa awarudie waliotoa, awaeleze, na apate idhini yao. Na kwa kuwa ni vigumu kuwarudia watu wa msikiti mzima, wengine wakiwa wapita njia, yafaa mchango tangu mwanzo uitwe kwa jina la maji ya Yemeni, na itajwe mbele ya watu kuwa utatumiwa kwa kisima au birika au ukuta, kama watakavyoona wenye ujuzi wa bonde lile. Hapo wakala huwa na nafasi, na mtoaji huwa ameridhia. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.